Je, Wajua? Shabiki wa Kweli wa Bendi ya Roki

Fulana yenye nembo ya bendi hununuliwa na yeyote mwenye hela. Majina ya albamu hukaririwa usiku mmoja. Ndiyo maana roki, kama soka, imejaa mashabiki maandazi: wenye domo refu na historia fupi. Wa kweli hutambulikana kwa kazi waliyoifanyia bendi bila kutumwa wala kulipwa. Hebu tuwapitie mmoja mmoja.

WALIOTUNZA

Je, wajua kuwa bendi iliwahi kuwaita mashabiki wake kupitia jalada la santuri? Mwaka 1971 Grateful Dead, vijana wa California, walichapa ndani ya albamu yao tangazo la kuwaomba wasikilizaji watume majina na anwani ili wapelekewe habari. Barua zikamiminika. Orodha iliyotokana nazo ikawa chanzo cha jumuiya ya Deadheads, ukoo wa mashabiki unaoendelea hadi leo.

Je, wajua kwa nini watu hao waliifuata bendi mji kwa mji, wakilala ndani ya magari? Hakukuwa na onyesho lililofanana na jingine. Grateful Dead walipanda jukwaani zaidi ya mara 2,300, na kila usiku walipanga nyimbo upya. Wimbo uliochukua dakika chache leo ungeweza kunyooshwa kesho mpaka ukasahau ulianzaje. Aliyekosa usiku mmoja alikuwa amekosa kitu ambacho hakingerudi.

Je, wajua kuwa bendi hiyo iliwatengea eneo maalumu waliokuja kurekodi? Kuanzia Oktoba 1984, wenye vinasa sauti walikaa nyuma ya meza ya fundi mitambo, maikrofoni zao zikiwa juu ya milingoti. Sharti lilikuwa moja: kaseti hubadilishwa kwa kaseti, haiuzwi. Mwenye maktaba kubwa alimnakilia mgeni asiye na kitu, naye mgeni akamnakilia mwingine.

Je, wajua kuwa ubadilishanaji huo ulifika mbali kuliko kumbi zenyewe? Onyesho la Mei 8, 1977 katika Chuo Kikuu cha Cornell lilizunguka mikononi mwa mashabiki kwa miaka mingi kabla ya kutolewa rasmi mwaka 2017. Miaka mitano kabla ya hapo, Maktaba ya Bunge la Marekani ilikuwa tayari imetangaza kuiingiza rekodi hiyo katika hazina ya sauti za taifa. Mashabiki walikuwa wameshatoa hukumu yao zamani.

Je, wajua kuwa si kila bendi ilikuwa na moyo huo? Meneja wa Led Zeppelin, Peter Grant, alikuwa mwiba kwa waliorekodi kwa siri. Huko Los Angeles shabiki mmoja aliingia ukumbini akiwa ndani ya kiti cha magurudumu ingawa miguu yake ilikuwa mizima, kinasa sauti kikiwa kimefichwa humo. Leo rekodi zake za mwaka 1977 zinahesabiwa miongoni mwa kumbukumbu bora za bendi hiyo ikiwa jukwaani.

WALIOTOA MFUKONI

Je, wajua kuwa mashabiki waliwahi kulipia ziara ambayo bendi ilishasema haiwezi kuifanya? Mwaka 1997 Marillion wa Uingereza hawakuwa na fedha za kwenda Marekani. Mashabiki wakachangishana kupitia intaneti, ikapatikana takriban dola 60,000, na bendi ikasafiri. Marillion wakajifunza: walipotaka kurekodi albamu yao ya mwaka 2001, waliwaomba mashabiki walipe kabla hata ya kazi kuanza. Zaidi ya 12,000 walilipa. Huo ulikuwa mchango wa mtandaoni kabla dunia haijauzoea.

Je, wajua kuwa Kiss hawakuanzisha jeshi lao wenyewe? Mwaka 1975, mjini Terre Haute katika jimbo la Indiana, vijana wawili walichoshwa na redio iliyokataa kupiga nyimbo za Kiss. Wakaishambulia kwa barua na simu, wakijitambulisha kuwa ni Jeshi la Kiss. Redio ikasalimu amri. Bendi nayo ikalichukua jina hilo likawa la klabu yake rasmi ya mashabiki.

Je, wajua kuwa watu 1,000 waliwahi kupiga wimbo mmoja kwa wakati mmoja ili kumwita mgeni? Julai 2015 huko Cesena, Italia, wapiga gitaa, besi, dramu na waimbaji walikusanyika uwanjani wakapiga Learn to Fly wa Foo Fighters, wakiwaomba waje kwenye mji wao mdogo. Video ikazunguka dunia. Novemba 3 mwaka huohuo Foo Fighters walikuwa Cesena, jukwaani.

WALIOTAFUTA

Je, wajua kuwa mashabiki waliwahi kumfufua msanii waliyeambiwa amekufa? Sixto Rodriguez wa Detroit hakuwa na bendi ya kudumu, na albamu yake ya mwaka 1970, Cold Fact, haikuuzika Marekani. Afrika Kusini ikawa kinyume chake: wakati wa ubaguzi wa rangi vijana wengi waliijua kwa moyo, wakiamini mwenyewe alijiua jukwaani. Mashabiki wawili hawakuridhika na uvumi. Wakachambua mashairi yake wakitafuta majina ya mahali, wakafungua tovuti ya kumsaka, na mwaka 1997 binti yake akawajibu. Baba yu hai, anafanya kazi za ujenzi. Machi 1998 Rodriguez aliimba mbele ya maelfu waliokuwa wamemlilia. Filamu iliyosimulia msako huo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2013.

Je, wajua kuwa wanaokwenda Zanzibar si wote hufuata bahari na karafuu? Wapo wanaozunguka vichochoro vya Mji Mkongwe wakiulizia alikokulia Farrokh Bulsara, aliyezaliwa kisiwani Septemba 5, 1946 na dunia ikamjua kama Freddie Mercury wa Queen. Baba yake, Mparsi kutoka India, alikuwa mtunza fedha wa mahakama. Familia iliondoka mwaka 1964 kufuatia Mapinduzi. Tangu 2019 ipo makumbusho yake Shangani. Mkazi wa Unguja anayejiita shabiki wa Queen bila kuwahi kupita pale anadaiwa maelezo.

WALIOIMBA, NA WALIOPIGA KELELE

Je, wajua kuwa Queen walitunga wimbo ambao ala zake kuu ni miguu na viganja vyako? Mei 1977, huko Stafford, Uingereza, watazamaji waliendelea kuimba wao kwa wao baada ya onyesho kwisha. Brian May akaondoka na wazo hilo kichwani. Akaandika We Will Rock You: kanyaga, kanyaga, piga kofi. Shabiki akawa mwanabendi.

Je, wajua kuwa miaka minne baadaye, katika viwanja vya Argentina na Brazili, Freddie Mercury aliacha kuimba Love of My Life akawaachia watazamaji? Kiingereza hakikuwa lugha yao, ila ubeti hawakuukosa.

Je, wajua kuwa mapenzi yaliyopitiliza yaliwahi kuinyima bendi jukwaa? Agosti 15, 1965, zaidi ya watu 55,000 walijaa uwanja wa Shea, New York, kuwaona The Beatles. Mayowe yalizima spika. Ringo Starr alisimulia kuwa ilimbidi awaangalie wenzake wanavyotikisika ndipo ajue wimbo umefika wapi. Mwaka uliofuata waliachana na ziara moja kwa moja. Hata hivyo hawakuwasahau waaminifu: kila Krismasi kuanzia 1963 hadi 1969, wanachama wa klabu yao ya Uingereza walitumiwa santuri nyepesi yenye salamu na mizaha isiyouzwa dukani.

WALIOTILIWA SHAKA

Je, wajua kuwa ubishi wa nani shabiki halisi una jina lake? Mwaka 1987 Touch of Grey uliwapa Grateful Dead nafasi yao pekee katika nyimbo kumi bora za Marekani. Umati mpya ukafurika, na wakongwe wakawabatiza wageni hao "Touchheads", yaani waliokuja na wimbo mmoja. Wakongwe walisahau kwamba kila mtu ana wimbo wake wa kwanza.

Je, wajua kuwa kosa halikuwa kuchelewa kufika bali kuja na mikono ya kuvunja? Julai 2, 1995, karibu na Indianapolis, maelfu ya wasio na tiketi walibomoa uzio wa Deer Creek, ukumbi ambako Grateful Dead walikuwa wakipiga, wakazamia ndani. Onyesho la siku iliyofuata likafutwa, na bendi ikawaandikia mashabiki barua ya wazi ikiwaonya kuwa wazamiaji wataua ziara zote. Mwezi uliofuata Jerry Garcia, mpiga gitaa na sauti kuu ya bendi, alifariki dunia.

Je, wajua kuwa Pearl Jam hupima uaminifu kwa miaka? Katika klabu yao, Ten Club, mwanachama wa zamani hupewa kiti cha mbele kuliko aliyejiunga jana. Nao waliwatetea mashabiki: mwaka 1994 walipeleka malalamiko serikalini dhidi ya kampuni ya tiketi ya Ticketmaster. Mwaka 2023 Robert Smith wa The Cure naye aliibana kampuni hiyohiyo mpaka ikarudisha sehemu ya makato kwa walionunua.

MWILI NA ADABU ZAKE

Je, wajua kuwa ishara ya pembe, kidole cha shahada na cha mwisho juu, ilienezwa kwenye roki nzito na mjukuu mtiifu? Ronnie James Dio alijiunga na Black Sabbath mwaka 1979 na kuanza kuwainulia watazamaji vidole hivyo. Alikuwa amemwona bibi yake Mwitaliano akivitumia kujikinga na jicho baya. Bibi wa pwani angetumia kisomo au hirizi, lakini wasiwasi wao ni uleule.

Je, wajua kuwa mbele ya jukwaa la metali, pale watu wanapogongana mabega, kuna sheria isiyoandikwa? Aliyeanguka huinuliwa papo hapo. Anayempita kana kwamba hakumwona ndiye mgeni.

Je, wajua kuwa kutikisa kichwa kumefanyiwa utafiti? Mwaka 2008 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha kazi ya watafiti wa Australia: wimbo wa kutikisia kichwa una wastani wa mapigo 146 kwa dakika, na kichwa kikizunguka zaidi ya nyuzi 75 kwa kasi hiyo, hatari ya kuumia huanza. Masikio nayo yana kikomo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kuwa sauti katika kumbi isizidi wastani wa desibeli 100. Mkongwe huvaa vizibo vya masikio, maana anataka kusikia na onyesho la mwakani.

Je, wajua kuwa Botswana, nchi ya jua kali, ina mashabiki wa metali wanaovaa ngozi nyeusi kuanzia kofia hadi viatu, misumari na minyororo juu yake? Huitwa MaRock. Ukiwakuta barabarani utadhani ni ugomvi, kumbe bendi kama Overthrust na mashabiki wao huandaa tamasha na kuchangia wahitaji.

WALIOVUKA UZIO

Je, wajua kuwa bendi nayo huweza kushabikia? Mwaka 1992 Lithuania, iliyotoka tu kujitenga na Muungano wa Kisovieti, haikuwa na fedha za kupeleka timu ya mpira wa kikapu Olimpiki. Grateful Dead wakachanga na kuwapa fulana zilizotiwa rangi za bendera ya Lithuania. Timu hiyo iliwafunga waliokuwa wenzao wa Kisovieti 82 kwa 78, ikapokea shaba huko Barcelona ikiwa imevaa fulana hizo.

Je, wajua kuwa shabiki aliwahi kumaliza onyesho la The Who? Novemba 20, 1973, karibu na San Francisco, mpiga dramu Keith Moon alizimia jukwaani. Pete Townshend akauliza kama yupo anayejua kupiga. Scot Halpin, kijana wa miaka 19 aliyekuwa hajagusa dramu kwa karibu mwaka, akapanda na kupiga nao mpaka mwisho.

Je, wajua kuwa Journey walimpata mwimbaji wao kwenye YouTube? Arnel Pineda, aliyewahi kulala kwenye bustani za Manila utotoni, alikuwa akiimba nyimbo za watu kwenye kumbi za burudani. Rafiki aliyemshabikia akaziweka video mtandaoni. Mwaka 2007 Neal Schon wa Journey akaziona. Alipomwandikia, Pineda alidhani anataniwa.

Je, wajua, na hili la mwisho, kuwa Metallica ilizaliwa na safari ya shabiki? Mwaka 1981 Lars Ulrich, kijana wa Denmark aliyekuwa akiishi California, alikata tiketi ya ndege kwenda Uingereza kuwaona Diamond Head, bendi ambayo Marekani haikuwa ikiijua. Wakamkaribisha nyumbani kama ndugu. Mwaka huohuo, aliporudi, akaanzisha bendi yake. Metallica walirekodi wimbo wa Diamond Head, Am I Evil?, mwaka 1984, na Juni 5, 1993, Milton Keynes, wakawapandisha Diamond Head kwenye jukwaa lao. Wenyeji wa jana wakawa sasa wageni wa mgeni wao, na deni la ushabiki likalipwa mbele ya umati.