Mhadhiri Naye Hufundwa

Eric Mazur alianza kufundisha fizikia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1984. Wanafunzi walimsifu katika tathmini za mwisho wa muhula, na mitihani migumu waliifaulu. Miaka michache baadaye akakutana na utafiti wa Ibrahim Halloun na David Hestenes, ulioonyesha kwamba wanafunzi wengi humaliza somo la fizikia bila kuielewa misingi yake. Mazur hakuamini kuwa na wa kwake wamo. Akawapima.

Maswali yalikuwa ya maneno ya kawaida, bila hesabu. Lori zito likigongana na gari dogo, lipi linamsukuma mwenzake kwa kani kubwa zaidi? Kanuni ya tatu ya Newton inasema kani hizo ni sawa. Kumbe wanafunzi walioweza kuitaja kanuni hiyo na kukokotoa milinganyo bado waliamini kwamba lori ndilo lenye kani kubwa. Mmoja alimuuliza Mazur kama ajibu kwa jinsi walivyofundishwa au kwa jinsi yeye mwenyewe anavyofikiri.

Mazur akaeleza upya, hawakuelewa. Akaeleza tena, wapi! Hapo ndipo alipowaambia wajadiliane na wenzao. Ukumbi ukachangamka, na baada ya dakika chache wengi wakawa wamelipata jibu. Aliyeelewa jambo jana bado anakumbuka lilipomkwama. Profesa aliyelizoea kwa miaka ishirini amekwisha kusahau.

Kuanzia mwaka 1991 Mazur akaligeuza tukio hilo kuwa utaratibu. Mhadhiri hueleza dhana kwa muda mfupi, kisha hutoa swali la kuchagua jibu. Kila mwanafunzi hufikiri peke yake na kupiga kura. Waliopata wakiwa wachache mno, dhana hufundishwa upya. Wakiwa karibu wote, somo huendelea. Wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, kila mmoja humtafuta jirani mwenye jibu tofauti wabishane kwa hoja, halafu kura hupigwa tena. Si lazima kuwe na vifaa vya umeme: kadi za karatasi zenye herufi A hadi D zinatosha, hata kwa darasa la mamia.

Ushahidi umeongezeka tangu hapo. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichambua tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Katika madarasa ya mihadhara mitupu, wastani wa waliofeli ulikuwa asilimia 33.8. Pale wanafunzi walipopewa kazi ya kufikiri na kujadili, ulishuka hadi asilimia 21.8.

Kwa nini basi mihadhara mitupu inaendelea? Mwalimu wa shule ya msingi hawezi kupewa darasa bila kusomea ualimu na kufanya mazoezi ya kufundisha. Mhadhiri huajiriwa kwa GPA yake na tafiti zake, kisha hukabidhiwa ukumbi. Hufundisha kama alivyofundishwa: yeye anasema, wanafunzi wanaandika, na mtihani ukikaribia wanakimbilia madesa.

Vyuo vingine vilianza zamani kuliziba pengo hilo. Chuo Kikuu cha Michigan kilianzisha kituo cha kuwasaidia wahadhiri wake mwaka 1962. Huduma moja yenye manufaa makubwa katika vituo vya aina hiyo hufanyika katikati ya muhula. Mhadhiri hutoka nje, mshauri huingia na kuwauliza wanafunzi, kwa vikundi, ni nini kinawasaidia kujifunza, nini kinawakwaza na nini kibadilishwe. Majibu waliyokubaliana humfikia mhadhiri peke yake, kwa siri, muda wa kurekebisha ungalipo. Tathmini ya mwisho wa muhula huwafaa wa mwakani tu.

Afrika Mashariki nayo ina mfano. Mradi wa TESCEA, ulioanza mwaka 2018, uliwakutanisha wahadhiri wa vyuo vikuu vya Mzumbe na Dodoma nchini Tanzania, pamoja na Gulu na Uganda Martyrs nchini Uganda. Walizisuka upya kozi zao, wakianza na swali la mhitimu anatakiwa aweze kufanya nini.

Mhadhiri atakayebadilika ajiandae kwa manung'uniko. Utafiti uliofanyika Harvard na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanafunzi waliojifunza kwa kushiriki walipata zaidi kwenye jaribio, ilhali wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliosikiliza mhadhara mzuri. Ndiyo maana awaeleze mapema sababu za mbinu yake.

Wakuu wa vyuo nao wana wajibu. Waanzishe vitengo vya kuwasaidia wahadhiri, wavipe wataalamu na bajeti, na ufundishaji mzuri uhesabiwe mtu anapopandishwa cheo, kama machapisho yanavyohesabiwa.