Risasi Mbili za Sarajevo

Tarehe 28 Juni 1914, katika mji wa Sarajevo, kijana Gavrilo Princip alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria na Hungaria, pamoja na mkewe Sophie. Wote wawili wakafa. Lakini katika miaka minne iliyofuata, askari milioni 9 hivi waliwafuata kaburini. Twajiuliza: cheche ndogo namna hii iliwezaje kuteketeza pori lote?

Kamba moja

Jibu lapatikana katika maagano ya wakubwa. Tangu 1882, Udachi, Austria na Italia ziliahidiana msaada. Ufaransa ikaogopa kubaki peke yake, ikafanya agano na Urusi mwaka 1894. Uingereza nayo ikapatana na Ufaransa mwaka 1904, na Urusi mwaka 1907. Kila mmoja alidhani amefunga mlango wake apate kulala salama. Kumbe, walikuwa wamejifunga wote kwa kamba moja: mmoja akianguka, wenzake huburutwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 28 Julai Austria ilitangaza vita juu ya Serbia, na Urusi ikakusanya majeshi yake. Udachi ukatangaza vita juu ya Urusi tarehe 1 Agosti, na juu ya Ufaransa tarehe 3. Kesho yake Wadachi wakaingia Ubelgiji, nchi iliyoahidiwa tangu 1839 kwamba haitaguswa vitani. Na siku ile ile Uingereza ikashika silaha.

Vita vyavuka bahari

Moto huo ulifika hata kwetu. Tarehe 22 Agosti 1914, meli ya Wadachi ilishambulia Lukuga, penye mji uitwao leo Kalemie, ukingoni mwa ziwa Tanganika. Mwaka 1916 askari wa Kongo, chini ya Jenerali Charles Tombeur, walivuka mpaka, wakaitwaa Tabora tarehe 19 Septemba. Nyuma yao walikwenda wapagazi, watu walioondolewa katika mashamba yao, wakibeba vyakula na risasi vichwani. Wengi hawakuuawa na adui, bali na njaa, uchovu na maradhi. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Hata amani ilichelewa kuwafikia. Ulaya silaha zilinyamaza tarehe 11 Novemba 1918. Lakini Jemadari Paul von Lettow-Vorbeck alipata habari siku chache baadaye, akaweka silaha chini huko Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, tarehe 25.

Amani bila upatanisho

Je, hapakuwa na mpatanishi? Alikuwako. Tarehe 1 Agosti 1917 Papa Benedikto XV aliwaandikia wakuu wa mataifa yaliyopigana: silaha zipunguzwe, magomvi yaamuliwe na waamuzi, nchi zilizotwaliwa zirudishwe, na fidia za vita zisamehewe pande zote. Hawakumsikiliza, kila upande ulimshuku kuwa rafiki wa adui.

Mkataba ulitiwa sahihi huko Versailles tarehe 28 Juni 1919, miaka mitano kamili tangu siku ya Sarajevo. Wadachi hawakuitwa kwenye mazungumzo. Waliletewa maandiko tayari, wakalazimishwa kukiri hatia na kulipa. Shirika la Mataifa likaanza kazi mwaka 1920, lakini Marekani haikujiunga nalo. Mwaka ule ule, tarehe 23 Mei, Benedikto XV alionya kwamba mkataba hautadumu ikiwa chuki haikung'olewa mioyoni. Tarehe 1 Septemba 1939 dunia iliona kwamba alisema kweli: majivu yalikuwa yameficha makaa.

Jambo hili twalijua nyumbani mwetu. Shauri likikatwa barazani pasipo mmoja kusikilizwa, huyo atalipa mbuzi anayedaiwa, lakini atarudi kwake na kinyongo, na watoto wake watakirithi. Kunyamazisha bunduki ni mwanzo tu. Kazi iliyo ngumu zaidi ni kumkaribisha aliyeshindwa aketi nasi, aseme neno lake.