Kompyuta Haijui Saa ya Kisangani

Fungua kompyuta, uiambie iweke saa ya mji wako. Itakupa orodha ndefu ya miji ya dunia. Tafuta Kisangani: haumo. Tafuta Buta, Bunia, Watsa, Kolwezi: yote haimo. Katika ile orodha kubwa ya saa inayofuatwa na mashini nyingi za dunia, Kongo yetu iko na majina mawili tu, Kinshasa na Lubumbashi. Tena mashini nyingi za Windows hazikupi hata Lubumbashi; zinakupa Harare na Pretoria, kwa sababu saa yao na yetu ni moja.

Pengine utasema: jina la mji lina maana gani, si saa tu? Sikia basi. Inchi yetu iko na saa mbili. Kinshasa ikiwa saa sita, kwetu Tshopo ni saa saba, na ndivyo ilivyo Ituri, Kivu, Katanga na Kasai. Fikiri mtumishi wa mgodi. Asubui anaandikwa na mashini ya mlangoni, iliyowekwa kwa saa yetu. Jioni anaandikwa na kompyuta ya ofisi, ambayo mtu fulani aliiweka kwa saa ya Kinshasa juu ya kuona neno «Kongo» na kufurahi. Yule papa ameingia saa kumi na mbili ya asubui, ametoka saa kumi na mbili ya jioni, lakini kitabu kinasema ametoka saa kumi na moja. Saa moja ya jasho lake imekwenda. Kila siku saa moja, mwezi mzima! Na akiuliza, atajibiwa: «Ni mashini ndiyo imesema.»

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, hapa Kisangani. Programu ni maagizo tu, mstari kwa mstari, ambayo mashini inafuata bila kuuliza. Kwa hiyo mashini haisemi kitu chake. Inasema lile ambalo mtu aliyeiandika alifikiri, na mara nyingi mtu huyo hajafikiri juu yetu.

Tuangalie sasa jambo la majina, maana hapo ndipo jamaa nyingi zinaumia.

Programu nyingi zinazotoka ngambo ziko na visanduku viwili: jina la kwanza na jina la ukoo. Lakini sisi Wakongomani tunaandika majina matatu: nom, postnom, prénom. Vijana wengi hawajui mazoea haya yalitoka wapi. Katika mwaka 1972 Mobutu, yeye mwenyewe akiwa amebatizwa Joseph-Désiré, alikataza majina ya kikristo. Kila raia alipashwa kubaki na majina ya mababu. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, na mwaka ule alipashwa kukaa Roma kwa miezi. Watu waliongeza jina lingine la mababu nyuma ya lile la kwanza, na ndiyo postnom. Mwaka 1990 katazo liliondoka, majina ya ubatizo yakarudi wazi, lakini postnom haikutoka. Tukabaki na yote matatu. Wazazi wako wanaweza kukueleza vile walivyoitwa nyumbani jina moja na kwenye masomo jina lingine.

Sasa weka majina matatu katika visanduku viwili. Karani mmoja anaunganisha nom na postnom. Mwingine anatupa postnom. Wa tatu anaweka jina la ubatizo mbele, kwa sababu kisanduku cha kwanza kimesema «jina la kwanza», na kwetu la kwanza ni nom! Hivi mtu mmoja anakuwa watu watatu: mmoja kwa kadi ya mchaguzi, mmoja kwa simu, mmoja kwa orodha ya mshahara. Maadamu yuko hai na yuko na nguvu, ataenda kubishana. Lakini akifa katika shimo, mama mjane anakuja na karatasi zake, na anaambiwa: «Huyu si yule.» Nimeona jambo hilo kwa macho yangu, katika ofisi moja nisiyoitaja, na mama yule alirudi mara nne. Hakuna mtu aliyekuwa mbaya pale. Karani alikuwa na huruma kabisa. Lakini kisanduku cha tatu hakikuwapo, na kukiongeza ni kazi ya nusu siku kwa mwandishi wa programu.

Kwa hiyo, papa na mama, hata kabla ya wataalamu kuamka: angalieni leo kama jina lililoandikwa kwenye laini ya simu yenye feza yenu, jina la kwenye kadi, na jina la kwenye kazi yanafanana herufi kwa herufi. Angalieni pia kitabu cha ubatizo cha watoto. Msingoje siku ya msiba.

Orodha za inchi nazo zinachelewa. Zaire ilikufa mwaka 1997, na alama yake ZR ikabadilishwa kuwa CD mwaka uleule, lakini ukifungua programu ya zamani bado unaweza kuikuta. Jimbo letu la Tshopo lilizaliwa mwaka 2015, wakati Province Orientale ilipogawanywa kuwa manne na inchi ikawa na majimbo 26. Hata leo kuna fomu za kukulazimisha uchague Province Orientale. Na ile ya kudai namba ya posta! Ukiacha wazi, inakataa. Watu wanaandika 0000, na mashini inaridhika. Mashini ya kuridhika na uongo na kukataa ukweli, mimi siiiti mashini ya akili.

Kwa wale wa dhahabu na almasi, neno moja la haraka. Mtu akiandika 1,500 kwenye jedwali la hesabu, mashini iliyowekwa kwa Kifaransa inasoma moja na nusu. Iliyowekwa kwa Kiingereza inasoma elfu moja na mia tano. Ukiandika 3-4, yaani vipande vitatu ama vine, inageuza kuwa tarehe bila kukuomba ruhusa. Usione haya kama imekushinda: wataalamu wakubwa wa jeni za mwili walishindwa vilevile, hata mwaka 2020 wakaamua kubadili majina ya jeni fulani, kwa sababu Excel iliyageuza kuwa tarehe za mwezi wa tatu na wa tisa. Watu walibadili sayansi ili kumpendeza karani wa chuma.

Tuje kwa vyombo vya kazi yetu sisi wenyewe. Vijana wananiuliza: yaya, tujifunze na programu gani? Hapa nitasema maoni yangu, na wenzangu wa Makiso watakasirika.

Vyombo vingi vya leo vimetengenezwa na watu ambao moto haukatiki kwao na intaneti inatiririka kama mto wa Tshopo. Unaanza kazi ndogo, tuseme ukurasa wa kuhesabu sadaka na matumizi ya kikundi cha mama. Chombo kinasema: ngoja, nilete vipande vya watu wengine. Kinaleta mamia. Unite zako zimekwisha kabla hujaandika mstari mmoja. Na vipande hivyo vinategemeana kama nyumba ya mianzi. Katika mwezi wa tatu wa 2016, mtu mmoja aliondoa kipande chake kiitwacho left-pad kwenye gala la wote. Kilikuwa na mistari 11 tu, kazi yake kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maneno. Kazi za makampuni makubwa zilisimama siku ile. Mistari 11! Kijana wa kidato cha pili anaweza kuiandika kabla ya sosombe kuiva.

Mimi nachagua chombo kiitwacho Vim. Ni cha kuandikia maandishi tu. Kilitoka mwaka 1991, ni kidogo, hakidai intaneti, na kinatembea kwenye kompyuta ambayo wengine wameitupa. Kinachonishika moyo ni mambo mawili.

La kwanza ni moto. Ukiwa unaandika, Vim inaweka nakala ya siri pembeni: kila ukisha kuandika herufi 200, ama ukitulia sekunde 4. Uko Mangobo, unaandika, taa pwaa! Giza. Wenye vyombo vingine wanalia. Wewe unangoja moto urudi, unafungua faili lako, na Vim inakuuliza kama unataka kurudishiwa kazi. Unapoteza maneno machache tu. Mtu aliyefikiri hivi hakukaa Kisangani, lakini ametufaa kuliko wengi.

La pili ni mtu huyo mwenyewe. Jina lake Bram Moolenaar, wa Uholanzi. Mwaka 1994 alikwenda kujitolea Kibaale, mji mdogo kusini mwa Uganda, karibu na Tanzania, sehemu ya Rakai ambako sida ilikuwa imeacha yatima wengi. Alisaidia kwa maji na usafi katika kituo cha watoto. Aliporudi kwao, hakuuza Vim. Aliitoa bure, akawaomba watumiaji kwamba, wakiipenda, wasaidie watoto wa Kibaale, akasimamisha na shirika la kukusanya msaada. Kwa miaka mingi, fundi aliyefungua Vim bila faili, awe Tokyo ama Chicago, alisoma mbele ya macho yake ombi la kusaidia watoto maskini wa Uganda. Pengine wengi wao hawakujua Uganda iko wapi. Moolenaar alifariki mwezi wa nane 2023, na wengine wanaendeleza chombo chake.

Kuna chombo kingine cha kutufaa, Git, cha mwaka 2005, cha kutunza historia ya kazi yako. Uzuri wake ni kwamba historia yote inakaa kwenye mashini yako. Unaweza kufanya kazi juma zima Lubunga bila intaneti, kisha ukavuka mto siku moja na kutuma yote mara moja. Usitembeze kazi yako kwa flashi ya kila mtu. Flashi za mjini zinabeba virusi kuliko mbu wanavyobeba malaria.

Juu ya akili bandia, ambayo kila kijana anaitaja: inaandika programu, kweli, na mara nyingine vizuri. Mimi naitumia siku za intaneti. Lakini iombe fomu ya kuandikisha watu, bila kueleza zaidi, na uangalie kama itakupa kisanduku cha postnom. Kwangu imesahau mara nyingi. Imejifunza kwa wale waliotusahau, basi ni wewe wa kuikumbusha. Na hutaikumbusha kama wewe mwenyewe hujui kusoma ilichoandika.

Na Kiswahili? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maneno yote kwa Kiswahili. Kazi nzuri sana. Sisi wa huku tumezoea kusikia «enregistrer», na neno «hifadhi» linatupa kusimama kidogo, lakini mama asiyesoma Kifaransa angelielewa kuliko sisi wote. Ningependa kuona vijana watano wa Kisangani wakikaa na kutengeneza ya kwetu, yenye maneno yanayosemwa sokoni, yenye visanduku vitatu vya jina na saa ya Kisangani.

Kwa kijana anayetaka kuanza: usinunue kompyuta mpya. Tafuta ya zamani yenye bateri inayoshika hata saa moja, weka Linux ambayo ni ya bure, na umwombe mwenzako mwenye intaneti akupakulie vitabu vya mafunzo mara moja. Klavye yetu ya Kifaransa itakutesa kidogo, maana mabano ya programu yamefichwa nyuma ya tarakimu. Vidole vitazoea baada ya majuma mawili.

Na siku ya kwanza utakapofungua Vim, utashindwa kutoka. Usiogope, usizime mashini kwa nguvu. Swali hilo moja, «ninatokaje ndani ya Vim?», liliulizwa na mafundi wa dunia hata mwaka 2017 lilikuwa limesomwa zaidi ya mara milioni moja. Bonyeza Esc, andika nukta mbili, herufi q, na alama ya mshangao, kisha Enter.