Ngumi za Mtoto na Fimbo ya Mkubwa

Newala, mkoani Mtwara kusini mwa Tanzania, ni mji wa juu. Umekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na mtu akisimama Shimo la Mungu huiona nchi ikiporomoka hadi bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Ardhi ya huku juu ni ya kichanga, mvua ikinyesha maji huzama, na chemchemi za uhakika ziko chini, kwenye kingo za uwanda. Ndiyo maana miaka nenda rudi kiangazi cha Newala kimekuwa msimu wa foleni za ndoo na madumu, na anayetumwa bombani mara nyingi ni mtoto.

Anayetaka kuujua ugomvi wa watoto asianzie darasani, ambako mwalimu yupo. Aende bombani. Mtoto anasukumwa kidogo, maji yanamwagika. Mmoja ataguna, ajaze tena. Mwingine atamrukia aliye nyuma yake kabla hajauliza kama amekusudia.

Mwanasaikolojia wa Marekani Kenneth Dodge amelichunguza jambo hili tangu miaka ya 1980. Aliona kwamba watoto wenye kupigana mara kwa mara husoma nia mbaya hata pale ambapo nia haijulikani. Mwaka 1990 yeye na wenzake wakachapisha katika jarida la Science utafiti uliohusu watoto walioumizwa kimwili nyumbani kabla ya kuanza shule. Watoto hao walikuwa na mwelekeo huo zaidi kuliko wenzao, na walikuwa wakorofi zaidi darasani. Kwa mtoto aliyezoea kuchapwa bila kujua kosa lake, kudhani kila mguso ni shambulio ni tahadhari ya kawaida. Imemlinda nyumbani, bombani inamponza.

Jambo la pili linawashangaza wazazi wengi. Tumezoea kusema mtoto amefundishwa ukorofi na makundi, na video au na mtaa. Richard Tremblay wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, alifuatilia maelfu ya watoto tangu wakiwa wadogo na kukuta kwamba kupiga, kuuma na kusukumana hufikia kilele kati ya miaka miwili na minne, umri ambao mtoto hajajua hata njia ya kijiweni. Baada ya hapo wengi hupungua, kwa sababu wanapata maneno ya kuomba, wanajifunza kungoja, na wanaonyeshwa njia nyingine. Wachache ndio hawapungui. Kwa hiyo swali la maana kwa mzazi wa mtoto wa miaka kumi anayepiga wenzake ni hili: nini kilimzuia asiache?

Sehemu ya jibu iko kwenye ubongo. Sehemu inayoshtuka na kuwaka mbele ya hatari, iitwayo amigdala, hufanya kazi mapema sana. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kuzuia mkono, huendelea kukomaa hadi mtu akaribie miaka 25. Hapo katikati mtoto huazima breki za mkubwa. Mkubwa mtulivu humwazima breki nzuri. Mkubwa anayepiga kelele na kushika fimbo hana cha kumwazima wakati huo.

Fimbo ndiyo mahali mjadala unapowaka moto, Newala na wilaya jirani ya Masasi kama kwingineko nchini. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko shuleni, visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyepewa idhini kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kila aliyesoma shule ya Tanzania anajua umbali uliopo kati ya karatasi hiyo na maisha. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana wa miaka 13 hadi 24, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18.

Je, fimbo inawatuliza? Mwaka 2014 Tobias Hecker, Katharin Hermenau na wenzao walichapisha matokeo ya mahojiano na watoto 409 wa Tanzania wenye miaka 6 hadi 15. Karibu wote walikuwa wamewahi kuchapwa, nyumbani na shuleni. Waliochapwa zaidi na wazazi au walezi walikuwa na ukorofi zaidi, na moyo wa kusaidia wenzao ulikuwa mdogo. Msomaji makini atauliza: huenda wamechapwa zaidi kwa kuwa ni wakorofi? Swali ni la haki, na utafiti uliopima mara moja tu hauwezi kulimaliza. Lakini hata tukilijibu kwa ndiyo, dawa inayoongezwa kila siku huku ugonjwa ukipanda ingekuwa imeshaondolewa katika duka lolote la dawa.

Watafiti hao hao walikuwa wameshafanya kazi ndogo zaidi ambayo pengine inasema mengi kuliko ile kubwa. Mwaka 2011 walieleza habari za watoto 38 wa kituo kimoja cha yatima nchini Tanzania. Watoto walikuwa wamepigwa katika familia walizotoka, na wakapigwa tena kituoni. Ukatili wa kituoni ulihusiana na ukali wao na matatizo yao ya akili kwa nguvu zaidi kuliko ule wa nyuma. Walezi wakafundishwa njia mpya ya malezi, watoto walioathirika zaidi wakapewa tiba ya kusimulia yaliyowapata, na baada ya hapo ukatili na maradhi ya nafsi vikapungua. Mtoto hawezi kubadilishiwa mwanzo wake, ila mahali anapolala leo panaweza kurekebishwa.

Tusichanganye mambo, hata hivyo. Januari 2013, wakati Mtwara inachemka kwa suala la bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, mzozo wa vijana wa bodaboda na polisi mjini Masasi uligeuka ghasia; ofisi zilichomwa na watu wakapoteza maisha. Kuyaeleza yale kwa amigdala na malezi peke yake ni kukwepa siasa na riziki. Saikolojia ya mtoto mmoja haitoshi kueleza hasira ya mji.

Kwa mtoto mmoja, lipo la kufanya. Mzazi achunguze ugomvi unatokea saa ngapi na kabla yake kulikuwa na nini: njaa, usingizi, kudhihakiwa, kutosikia vizuri, kushindwa kusoma. Wakati wa moto asihutubie. Awatenganishe, ashushe sauti, mazungumzo yaje baadaye. Sheria za nyumbani ziwe chache na zisibadilike kwa sababu baba amepata fedha za korosho na amefurahi. Adhabu iwe ya kurekebisha: aliyemwaga maji ya mwenzake akamchotee. Na mtoto asifiwe siku aliyojizuia, siku ambayo kwa kawaida hakuna anayeiona. Anayetumia silaha, anayetesa wanyama, au aliyebadilika ghafla baada ya kuona au kutendewa jambo baya, apelekwe kwa afisa ustawi wa jamii au hospitali. Simu ya Mtoto ni 116.

Shuleni kazi ni ngumu zaidi, na mwalimu mwenye darasa lililofurika asilaumiwe kwa urahisi. Uganda, wilayani Luwero, mpango wa Shule Bora wa shirika la Raising Voices ulijaribiwa katika shule za msingi 42. Mwaka 2015 watafiti waliripoti kwamba shuleni ulikofanyika, wanafunzi 31 kati ya 100 walisema wametendewa ukatili wa kimwili na wafanyakazi wa shule katika wiki iliyopita, dhidi ya 49 kwingineko. Hapa nchini, Mabula Nkuba wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam (DUCE) pamoja na Hecker na Hermenau walifundisha walimu wa sekondari kwa takriban wiki moja, pamoja na kutafakari kumbukumbu za walimu wenyewe walipokuwa wakichapwa. Miezi kadhaa baadaye ukatili ulikuwa umepungua. Lakini katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, mpango mwingine wa walimu ulipimwa na haukuonyesha mabadiliko yoyote. Nia njema ilikuwepo, na wataalamu walikuwepo.

Kusini kuna taasisi ambayo miradi hii haina: jando na unyago. Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa mama, na mjomba ana sauti ambayo baba mwenyewe huiheshimu. Tatizo ni umri. Wavulana wengi sasa huingia jandoni wakiwa na miaka saba au minane, wanarudi wakiambiwa wamekuwa wanaume, na walimu wanalalamika kwamba hawaambiliki tena. Kibayolojia bado wamebakiza zaidi ya miaka 15 ya kukomaza breki zile.

Kwamba mila hii haibadiliki si kweli. Mmisionari Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi mwaka 1926, hakulipiga marufuku jando. Yeye na mapadre Waafrika waliingiza sala na matibabu, wakaondoa yale ambayo Kanisa halikuyakubali, na kambi ikaendelea kuwa kambi. Siku hizi ni jambo la kawaida mvulana kutahiriwa na mhudumu wa afya kabla ya mafunzo. Kilichobaki ni viboko na vitisho anavyopewa mwali ili ajifunze heshima, na hivyo havihitaji askofu wala daktari. Viko mikononi mwa makungwi na wajomba, ambao ndio wanaoamua mwali aingie akiwa na umri gani na atoke amefundishwa nini.