Mlango wa Utafiti Ufunguliwe kwa Wauguzi Wote

Shahada ya udaktari katika uuguzi si ya kutibu. Ni ya kutafiti kwa nini mgonjwa aliyetunzwa hapati nafuu. Chuo cha uuguzi cha Kamuzu, kilichoanzishwa 1979 na sasa sehemu ya Chuo Kikuu cha Sayansi za Afya, kipo Lilongwe, kama kilomita 45 tu kutoka kambi ya Dzaleka. Lakini Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, vifungu vya elimu, ajira na kutembea iliviwekea mipaka. Ufadhili wa DAFI, unaosomesha wakimbizi, nao hasa ni wa shahada ya kwanza. Basi tunadai ufadhili wa utafiti ulipe ada na posho ya familia, na muuguzi mkimbizi aruhusiwe kuuomba. Anayetafitiwa naye atafiti!