Mchawi na Pepo Mpenzi Wake: Hadithi Iliyoua

Hadithi ya mwanamke mchawi mwenye kisasi, afanyaye mapenzi na pepo ili apate nguvu za kuwaangamiza adui zake, leo husomwa kama burudani. Yatupasa kukumbuka kwamba zamani ilikuwa hati ya mashtaka.

Mwaka 1485 Heinrich Kramer, mtawa Mdominiko, aliwashtaki wanawake wa Innsbruck kwa uchawi. Askofu Georg Golser akampinga, nao wakaachiliwa. Kramer hakukoma, katika kitabu chake Malleus Maleficarum, kilichochapwa mwaka 1486, alifundisha kwamba wachawi hulala na pepo. Tangu hapo mahakimu wengi wa Ulaya, Wakatoliki na Walutheri wenzetu pia, waliuliza habari hiyo huku wakitesa, na mteswaji alikiri alichoulizwa. Katika mashtaka ya uchawi ya karne zile waliuawa watu wapatao 40,000 hadi 60,000. Mwaka 1631 padre Friedrich Spee alionya kwamba mateso ndiyo yazaayo wachawi.

Nasi twahudumu mahali ambapo kikongwe aweza kushtakiwa kwa sababu ya macho mekundu tu. Mchungaji aletewapo shtaka kama hilo, asianze kwa kumhoji mshtakiwa habari za pepo. Aanze na Amri ya Nane: ni nani anayemshuhudia, naye ameona nini?