Uchaguzi wa Njia za Kuingia katika Programu-Tumizi ya Wavuti: Nafasi ya Urejeshaji wa Akaunti

1.0 Utangulizi

Kila programu-tumizi ya wavuti inayotunza taarifa za watu hulazimika kujibu swali moja la msingi: itajuaje kwamba anayeomba kuingia ndiye mwenye akaunti? Mchakato wa kulijibu swali hili huitwa uthibitishaji wa utambulisho. Mchakato huu ni tofauti na uidhinishaji, ambao huamua mtu aliyekwisha kutambuliwa anaruhusiwa kufanya nini. Makala haya yanaeleza njia nne za kuingia na namna zinavyohusiana. Hoja inayotetewa ni kwamba usalama wa akaunti hupimwa kwa njia iliyo dhaifu kuliko zote miongoni mwa zinazoruhusiwa, ikiwemo njia ya kurejesha akaunti.

2.0 Njia za Kuingia

2.1 Nywila

Nywila zilitumika katika mfumo wa CTSS wa chuo cha MIT tangu miaka ya 1960. Mwaka 1979, Robert Morris na Ken Thompson walieleza kwa nini hazipaswi kuhifadhiwa kama zilivyoandikwa. Seva hutunza tokeo la ukokotoaji lisiloweza kurudishwa nyuma, lililochanganywa na tarakimu za nasibu ili watumiaji wawili wenye nywila moja wasiwe na tokeo moja. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2017 ulitaka nywila inayochaguliwa na mtumiaji iwe na urefu usiopungua herufi 8 na ilinganishwe na orodha za nywila zilizokwisha kuvuja. Aidha, mwongozo huo ulishauri mtumiaji asilazimishwe kubadili nywila kila baada ya muda bila sababu.

2.2 Tarakimu za Kutumia Mara Moja

Katika Afrika Mashariki, ambako nambari ya simu ndiyo msingi wa huduma za fedha kama M-Pesa, ujumbe mfupi wenye tarakimu za kutumia mara moja hupokelewa hata kwenye simu ya kawaida. Hata hivyo, njia hii huthibitisha tu nani anayeishika laini kwa wakati huo. Laini huweza kuhamishiwa kadi nyingine kwa udanganyifu, na nambari iliyoachwa kwa muda mrefu hufungwa kisha hupewa mteja mwingine.

2.3 Mtoa Utambulisho wa Nje

Hapa programu hukabidhi kazi ya kumtambua mtumiaji kwa mtoa huduma kama Google. Itifaki ya OAuth 2.0 ya mwaka 2012 ilibuniwa kwa ajili ya uidhinishaji. Uthibitishaji uliongezwa juu yake na OpenID Connect mwaka 2014. Kosa linalopaswa kuepukwa ni kumtambua mtumiaji kwa anwani ya baruapepe, kwa kuwa anwani huweza kubadilika au kupewa mtu mwingine. Kinachopaswa kuhifadhiwa ni kitambulisho cha kudumu alichopewa na mtoa huduma, pamoja na utambulisho wa mtoa huduma huyo.

2.4 Jozi ya Funguo

Kiwango cha WebAuthn kilipitishwa na W3C mwaka 2019. Kifaa cha mtumiaji huzalisha funguo mbili: wa umma hupelekwa kwenye seva, na wa siri haupelekwi huko kamwe. Kwa kuwa jozi hiyo hufungamanishwa na kikoa cha tovuti husika, tovuti bandia haiwezi kuitumia hata ikimhadaa mtumiaji.

3.0 Tatizo la Urejeshaji

Tuchukue mfano wa kubuni wa mfumo wa matokeo ya chuo. Mwanafunzi amejisajili kwa jozi ya funguo iliyomo katika simu yake. Simu inapotea, na mfumo unamruhusu kuingia kwa ujumbe mfupi. Tangu ruhusa hiyo ilipowekwa, akaunti yake haikuwa imara kuliko ujumbe mfupi wenyewe. Ikiwa nambari aliyoiandikisha mwaka wa kwanza sasa ni ya mtu mwingine, mtu huyo ndiye atakayeingia na mwenye akaunti abaki nje. Kinyume chake, ujumbe mfupi ukiondolewa bila mbadala, mwanafunzi aliyepoteza simu siku moja kabla ya usajili wa mitihani hana pa kushika. Madhara yote mawili ni halisi, na mbunifu anapaswa kuyapima pamoja.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba mtumiaji asajili njia mbili zisizotegemeana tangu siku ya kwanza. Apewe tarakimu za akiba za kuchapisha, kila moja ikitumika mara moja na kuhifadhiwa katika seva kwa namna ileile ya nywila. Na athibitishwe upya kabla ya kuongeza njia mpya au kubadili nambari. Kila badiliko litangazwe kupitia njia zote zilizosajiliwa. Pale ambapo taasisi ina ofisi, urejeshaji wa mwisho ufanywe ana kwa ana kwa kuonyesha kitambulisho.

4.0 Hitimisho

Kila njia ya kuingia inayoongezwa ni mlango mwingine wa nyumba ileile. Ni vyema basi mbunifu aanze kwa kuamua aliyepoteza kila kitu atarudije ndani, ndipo achague njia za kila siku zisizozidi wala kupungukiwa na uimara wa uamuzi huo.